«Swiss Made», Glashütte, Japani au Marekani: alama ipi ya asili ya saa ina uzito zaidi?

SaaSita
Ndugu zangu, ninakusudia kununua saa moja ya mkononi isiyotumia betri, ya kuvaa kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba bei hupanda na kushuka kwa sababu ya maneno madogo yaliyoandikwa chini ya namba sita. Muuzaji mmoja anadai kwamba «Swiss Made», yaani imetengenezwa Uswisi, inamaliza mjadala, mwingine ananielekeza kwenye saa za Glashütte, Ujerumani, na wa tatu anasema kuwa za Japani hazipungukiwi na kitu na zinauzwa kwa nusu ya fedha hizo. Suala la uzuri nitaliamua mwenyewe. Ninachoomba ni ulinganisho wa sheria: kila nchi inamtaka mtengenezaji afanye nini kabla ya kumruhusu aandike jina lake kwenye uso wa saa?

Wakili wa Mvita
Mkuu SaaSita, nianze na Uswisi kwa kuwa ndiyo yenye kanuni iliyoandikwa kwa kina zaidi. Kanuni ya serikali ya shirikisho kuhusu matumizi ya jina la Uswisi kwenye saa ilitolewa tarehe 23 Desemba 1971, na kwa miaka mingi iliitazama mashine tu, yaani mtambo wa ndani unaoiendesha saa: iwe ya Kiuswisi, ifungwe ndani ya kasha huko Uswisi, na mtengenezaji aifanyie ukaguzi wa mwisho huko huko. Kasha, uso na kioo vingeweza kutoka popote. Tangu tarehe 1 Januari 2017 masharti yamekazwa, kwa maana kwamba angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa nzima ni lazima zitumike Uswisi, mashine nayo ifikie asilimia hiyo hiyo, na usanifu wake wa kiufundi ufanyike nchini humo. Juu ya hayo, vipuri vya Kiuswisi ni lazima viwe angalau nusu ya thamani ya vipuri vyote vya mashine, bila kuhesabu ujira wa kuviunganisha.

Tatizo liko kwenye kipimo chenyewe, ambacho ni gharama. Utafiti na usanifu huhesabiwa, kazi ya kuunganisha huhesabiwa, ilhali mkanda, betri, ufungashaji, usafirishaji na matangazo havimo. Kwa kuwa mishahara ya Uswisi ni mikubwa, kazi ya mikono peke yake hula sehemu kubwa ya ile asilimia 60. Chukulia saa ambayo kuitengeneza kunagharimu shilingi 300,000: mtengenezaji anabaki na 120,000 za kutumia Uchina kwa kasha, uso na mishale, na kwa bei za viwanda vya huko fedha hizo zinatosha na kubaki. Hajavunja sheria yoyote.

Binti Makunduchi
Wakili amesema kweli, na wapo Waswisi wenyewe wasioridhika. Kampuni ya H. Moser & Cie iliamua mwaka 2017 kuiondoa alama ya «Swiss Made» kwenye saa zake kwa hoja kwamba asilimia 60 ni kiwango cha chini mno, kisha ikatengeneza saa moja ya kejeli ambayo kasha lake lilichanganywa na jibini halisi ya Uswisi. Mzaha huo uliwaudhi wengi, lakini hoja yake haijajibiwa: alama ikiwa wazi kwa kila anayefikia kiwango cha chini, aliyekivuka mbali hana namna ya kujitofautisha kwa alama hiyo hiyo.

Kuhusu Glashütte, huo ni mji mdogo wa jimbo la Saxony ambako Ferdinand Adolph Lange alianzisha kazi ya saa mwaka 1845. Jina lake lililindwa kwa muda mrefu na uamuzi wa mahakama tu, hadi mwaka 2022 Ujerumani ilipotoa kanuni maalumu inayotaka angalau nusu ya thamani inayoongezwa katika hatua muhimu za utengenezaji, hasa kwenye mashine, ipatikane mjini humo au, kwa baadhi ya hatua, katika maeneo machache ya karibu yaliyotajwa. Kwa tarakimu, 50 ni ndogo kuliko 60. Hata hivyo, nusu hiyo inadaiwa ndani ya eneo dogo, na kwa maoni yangu ni sharti gumu kuliko asilimia 60 inayoweza kutawanywa nchi nzima.

Abu Salma, Maskati
Mmeisahau Marekani, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo hairuhusu bidhaa iandikwe kwamba imetengenezwa Marekani bila maelezo ya ziada isipokuwa yote, au karibu yote, imetokana na huko. Kampuni ya Shinola ya Detroit ilikutana na msimamo huo mwaka 2016: saa zake ziliunganishwa Detroit kwa vipuri vya mashine kutoka Uswisi na vipuri vingine vya nje, hivyo ikalazimika kubadili matangazo yake na kutaja kwamba vipuri vyake vinatoka Uswisi na kwingineko. Kwa kanuni hiyo hiyo, saa nyingi zenye «Swiss Made» zisingepita.

SaaSita
Ahsante sana, Sheikh Abu Salma. Na Japani je? Ninaona saa za bei ya chini kabisa zimeandikwa «Japan Movt», na sitaki kuzichanganya na zilizotengenezwa huko.

Wakili wa Mvita
Hazichanganyiki. «Movt» ni ufupisho wa «movement», yaani mashine, kwa hiyo «Japan Movt» inasema kwamba mashine ni ya Kijapani, basi. Saa nzima inaweza kuwa imeunganishwa nchi nyingine. Mashine za Miyota, zinazotengenezwa na Citizen, zimo ndani ya saa za makampuni mengi yasiyo ya Kijapani. Ili saa ihesabiwe kuwa ya Japani, kigezo kikuu ni mahali mashine ilipounganishwa, na kwa saa za hali ya juu ambazo kasha au mkanda ni sehemu yake muhimu, utengenezaji wa sehemu hizo nao hutazamwa. Asilimia haitajwi.

Uswisi nayo ina daraja la chini kama hilo. Saa isiyofikia masharti inaweza kutaja mashine yake ya Kiuswisi, ila neno «movement» ni lazima liandikwe kwa ukamilifu, kwa herufi za aina, ukubwa na rangi sawa na neno «Swiss». Ukikuta limefupishwa, au «Swiss» imekuzwa na neno la pili likafifishwa, muulize muuzaji maswali zaidi.

Fundi wa Kariakoo
Mimi ninafungua saa kila siku, kwa hiyo nitasema ninachokiona. Maandishi ya usoni ni rahisi kughushi kuliko yaliyochongwa kwenye mashine. Saa iliyoingia Marekani kihalali ni lazima mashine yake ionyeshe nchi ilikotengenezwa, jina la mtengenezaji au mnunuzi, na idadi ya vito (vijiwe vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine), kwa sababu forodha ya huko inadai hivyo, na saa nyingi wanazoletewa watu na ndugu zao kutoka huko zina maandishi hayo. Ndugu SaaSita, kabla hujalipa mwombe muuzaji afungue mfuniko wa nyuma mbele yako, usome nchi iliyoandikwa kwenye mashine na uilinganishe na ya usoni. Saa nyingi za Glashütte zina kioo nyuma, kwa hiyo hapo hutahitaji hata kumsumbua.