Ufundi wa majokofu au dagaa wa pakiti: nianze na lipi kwa milioni tatu?

Fundi wa Buzuruga

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Mimi ni fundi wa majokofu niliyesomea VETA, na karakana niliyoitumikia kwa miaka sita hapa Mwanza imefungwa mwezi uliopita. Akiba yangu ni shilingi 3,000,000, nami navutwa na njia mbili: kuzunguka na mkoba wa vifaa nikitengeneza friji na friza za mabucha, baa na wauza samaki, au kununua dagaa katika mwalo wa Kirumba, kuwachambua, kuwakaanga na kuwafunga katika pakiti zenye lebo kwa ajili ya maduka ya mjini. Mke wangu anapendelea dagaa, kwa hoja kwamba pakiti zitauzwa dukani hata siku ambayo mimi nina homa, ilhali friji haitengenezwi bila mikono yangu. Nimeshindwa kumjibu, hivyo naomba wenye uzoefu mnisaidie kuipima hoja hiyo.

Mama wa Mwaloni

Marahaba, mwanangu. Nimeuza dagaa tangu enzi za karabai, kabla taa za sola hazijaenea ziwani, na nakiri kwamba mkeo amesema kweli, ila hajakueleza kuwa dagaa wana mabwana wawili: mwezi na jua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti, mitumbwi hupumzika na bei hupanda, huku wenye maduka wakidai mzigo uleule kwa bei ya wiki iliyopita.

Kuhusu jua, nitakupa mfano wangu mwenyewe. Masika moja nilinunua dagaa wabichi kwa bei nzuri, nikawaanika mchangani, na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Dagaa aliyekauka vyema hukatika ukimkunja, lakini wale walijipinda kama uzi na tayari walikuwa wakinuka, nikaishia kuwauza kwa wasaga chakula cha kuku kwa bei isiyofika nusu ya mtaji. Ukiamua kuingia, nunua walioanikwa juu ya chanja hata kama ni ghali zaidi, kwa sababu mteja akiuma punje ya mchanga kutoka katika pakiti yenye jina lako, hatanunua ya pili.

Fundi Injini, Igogo

Kaka, mimi hutengeneza injini za boti, na tatizo letu si ukosefu wa kazi bali malipo. Mwenye mtumbwi humlipa muuza spea papo hapo, kisha fundi huambiwa aje jioni mitumbwi ikirudi, kwa kuwa spea inashikika na ujuzi haushikiki. Dawa niliyoipata ni kupokea fedha ya vifaa kabla ya kufungua nati ya kwanza, na kukubaliana na wateja wachache malipo ya kila mwezi ya ukaguzi. Aidha, usilazimike kuchagua upande mmoja tu: weka kwenye mkoba mipira ya milango ya friza, themostati na kapasita, uviuze kwa faida yako. Hiyo nayo ni biashara ya bidhaa, tena haiozi.

Mtunza Hesabu

Nina mawili tu. Chakula cha pakiti kinahitaji usajili wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na jengo lenyewe hukaguliwa, kwa hiyo jiko la nyumbani huenda lisikubaliwe. Anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, upate maelekezo. Katika huduma, mteja akiwa kampuni hukata asilimia 5 ya malipo yako kama kodi ya zuio, basi mdai cheti chake, kwa kuwa kiasi hicho huhesabiwa katika kodi yako ya mwaka.

Fundi wa Buzuruga

Nashukuru sana. Tumekaa na mke wangu jana usiku, tukakubaliana kwamba nianze na mkoba pamoja na spea, naye achukue shilingi 400,000 ajaribu kuwauzia majirani dagaa wa kupima kwa kopo, bila lebo, hadi masika yapite. Mama, tunaomba utuelekeze walipo wanaoanika juu ya chanja, nasi tutakuja asubuhi kabla wachuuzi hawajajaa.

Mama wa Mwaloni

Njooni Jumamosi. Mkeo aje na kanga ya kujifunika pua, vumbi la dagaa humshinda mgeni.