Magazeti ya zamani ya muziki yanauzwa kwa kilo hapa Kampala, na wanaodai kuyaokoa wanayamaliza kabisa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Leo nina hasira, kwa hiyo anayetaka maneno laini apite uzi mwingine.

Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na chumba cha magazeti na majarida ya zamani. Watafiti wanakijua, wanamuziki wazee wanakijua, na sisi wakusanyaji wa santuri tulikuwa tunaingia kwa hisani ya mzee mmoja aliyekitunza. Mzee akastaafu. Aliyekuja baada yake alitaka nafasi ya meza na kompyuta, akaamuru chumba kisafishwe. Kila kitu kikapandishwa kwenye mizani na kuuzwa kwa mtu wa karatasi. Drum za toleo la Afrika Mashariki, Uganda Argus, majarida ya Nairobi ya miaka ya 60 na 70 yenye kurasa za muziki, orodha za santuri mpya ambazo maduka yalikuwa yanachapisha na kugawa bure. Vyote kwa kilo, bei moja na maboksi ya sabuni.

Nilipopata habari nilikimbilia soko la Owino. Mama mmoja anayeuza karanga alikuwa ameshanunua fungu lake na ameanza kuchana. Nikamwambia, "Mama, nakuomba usichane tena, nitayanunua yote." Akaniangalia, akasema, "Ssebo (yaani bwana), kama yana maana, mbona wenyewe wameyatupa?" Mama yule simlaumu hata kidogo. Aliniuzia yaliyobaki kwa bei aliyonunulia na akatafuta na kamba ya kufungia. Swali lake anapaswa kulijibu yule bwana wa meza na kompyuta, tena kwa maandishi.

Sasa najua watakuja watu hapa kusema muziki wenyewe uko YouTube, magazeti ya nini. Naomba mnisikilize.

Santuri zetu hazina tarehe. Chukua sahani yoyote ya Kiganda ya miaka ya 60, isome lebo yake. Utakuta jina la lebo, namba, jina la wimbo, mwimbaji au bendi, pengine neno moja la mtindo kama twist au chacha. Mwaka hakuna. Mpiga gita hatajwi. Ile namba iliyokwaruzwa karibu na lebo, pale mifereji inapoishia, inakusaidia kujua sahani ipi ilitangulia ipi kiwandani, basi. Na wanamuziki wetu wengi walirekodi Nairobi, kwa sababu studio na mtambo wa kuchapa santuri vilikuwa huko. Charles Sonko alikuwa Mganda, lakini kazi yake iko na akina Fadhili William na Daudi Kabaka kule Nairobi, kwenye kampuni ya santuri ya Equator Sound ya Charles Worrod. Kwa hiyo hata daftari za kampuni hazikuwahi kukaa Kampala. Sisi huku tulibaki na sahani, na tulibaki na magazeti.

Gazeti ndilo linalokupa mwaka. Tangazo la duka lenye santuri za mwezi ule. Tangazo la dansi la Jumamosi linalokuonyesha bendi fulani bado ilikuwa na mwimbaji fulani. Barua ya msomaji anayelalamika kwamba wimbo umechezwa mno redioni. Picha ya bendi yenye majina chini yake kutoka kushoto kwenda kulia, na mle unakuta jina la mpiga besi ambaye hakuna lebo iliyowahi kumtaja. Unataka kuandika habari za waimbaji wetu Fred Masagazi na Elly Wamala, za bendi ya Cranes na jinsi bendi ya Afrigo ilivyozaliwa mwaka 1975? Bila kurasa hizo utaandika hadithi za kusimuliwa, na wasimuliaji wanazidi kupungua kila mwaka.

Niwape mfano mmoja wa kile nilichokiokoa. Kuna ukurasa ambao upande wa mbele ulikuwa na picha ya mwimbaji wa kike. Mtu, zamani sana kwa jinsi kingo zilivyogeuka rangi, aliikata ile picha kwa mkasi, akaichukua. Upande wa nyuma kuna orodha ya santuri mpya za duka moja la Kampala: namba, jina la wimbo, bei ya senti. Namba ya sahani ninayoitafutia mwaka tangu ujana wangu imo, inasomeka vizuri kabisa. Kilichoondoka na ile picha ni kichwa cha ukurasa, pale palipoandikwa mwezi na mwaka. Jalada la gazeti lenyewe halipo, lilishachanwa. Kwa hiyo ninayo orodha, ninayo sahani, na sina mwaka. Kama chumba kile kisingeguswa, ningekwenda na ukurasa wangu, nikatafuta toleo zima, kazi ingeisha mchana mmoja.

Hapo nimesema juu ya wauza kilo. Kundi la pili linaniudhi zaidi, maana linakuja kwa jina la uokoaji.

Mzee mmoja wa Jinja, mkusanyaji wa tangu zamani, aliazima boksi lake la majarida kwa vijana wa mradi fulani waliomwahidi kuyaskani na kumrudishia. Waliyarudisha kweli. Wameyakata mgongo yote! Yaani wamechukua mashine ya kukatia karatasi wakaondoa mshono wote, ili kurasa ziingie zenyewe kwenye skana ya kulisha. Gazeti lililokaa zima miaka 50 na zaidi sasa ni karatasi moja moja, na maneno ya upande wa ndani yameliwa na kisu. Majalada wameyapiga leminesheni, eti yasichakae. Jamani! Plastiki ile inabandikwa kwa moto na gundi, haitoki tena, na karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake ambayo inaendelea kuila humo humo ikiwa imefungiwa.

Na faili zenyewe? Walimtumia kwa WhatsApp. Kila mtu anajua WhatsApp inaikamua picha mpaka herufi ndogo zinakuwa ukungu. Jina la mradi wamelipiga kubwa katikati ya kila ukurasa, juu ya nyuso za watu na juu ya maandishi. Kurasa za matangazo wameziruka, kwa maelezo kwamba walikuwa wanaokoa nafasi. Ukiruka matangazo umeruka kitu chenyewe tulichokuwa tunakitafuta! Makala mengi ya nyakati zile ni sifa tupu; tarehe, bei, namba na anwani ziko kwenye matangazo. Mzee alipoomba faili kamili zisizo na jina juu yake, aliambiwa kuna malipo. Ya magazeti yake mwenyewe.

Kuskani gazeti si kazi ya siri. Toa pini taratibu kwa kisu butu, maana zilizoota kutu zinachana karatasi ukizivuta. Fungua kurasa, zilaze kwenye skana bapa, weka nukta 400 kwa inchi, rangi hata kama ukurasa ni mweusi na mweupe, kwa sababu rangi ya karatasi nayo inasema kitu. Picha za magazeti ya zamani zimejengwa kwa vidoti, na ukiskani chini ya hapo vidoti vinagongana na kuleta mawimbi usoni mwa mtu. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili maandishi ya upande wa pili yasionekane. Skani jalada, tangazo, kuponi, ukurasa uliochanika, kila kitu, kwa mpangilio wake. Hifadhi faili kubwa ya TIFF, ile isiyopunguza ubora wa picha, usiiguse tena, kisha tengeneza nyingine nyepesi ya kusomwa. Ipe jina lenye jarida, mwaka, mwezi na ukurasa. Nakala zikae mahali tofauti, siyo zote kwenye diski moja ndani ya droo ya mkurugenzi. Gazeti lenyewe likishaskaniwa halitupwi.

Hasira hiyo hiyo ninayo kwa wanaosafisha santuri za 78, zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kwa spiriti. Sahani zile nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti inayeyusha shelaki. Unafuta vumbi pamoja na wimbo. Nimeona sahani imegeuka kijivu mikononi mwa mtu aliyekuwa anatabasamu kwamba anaihifadhi. Maji safi, tone la sabuni, lebo isilowe, basi.

Wengine wananiambia tatizo ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 ninayo hapa. Inaruhusu maktaba ya umma na kituo cha kumbukumbu kisicho cha biashara kunakili kwa masharti, mradi mwenye haki asiharibiwe soko lake. Soko lipi la gazeti lililokufa zamani, ambalo leo linafungia karanga? Na tuna Sheria ya Maktaba ya Taifa ya mwaka 2003 inayowataka wachapishaji kuwasilisha nakala za wanachochapisha. Neno hakimiliki limekuwa kisingizio cha mtu asiyetaka kuinuka kitini. Siku ya kuuza kwa kilo hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenye haki.

Na msiniambie haiwezekani Uganda. Picha za zama za Idi Amin, negativu takriban 70,000, zilikuwa zimelala kwenye kabati pale UBC, shirika la utangazaji la taifa. Zikaanza kuskaniwa kwa ushirikiano na vyuo vya Michigan na Western Australia, na mwaka 2019 tukaziona kwa macho yetu Uganda Museum. Rekodi alizofanya Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho yetu, zilikaa London miaka mingi, na nakala zake za kidijitali zikarudi Makerere mwaka 2009. Uganda Journal, lililoanza 1934, unalisoma bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Florida. Transition, lililoanzishwa hapa hapa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, limo JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya wasomi.

Tazameni lakini nani aliyefanya. Kila kilichopona kilikuwa na msomi au chuo cha nje kilichokitaka. Jarida la fasihi limepata mlezi, jarida la kisayansi limepata mlezi. Gazeti lenye picha ya bendi ya dansi na bei za santuri halina mtu, kwa sababu wakubwa wetu wanaona ni mambo ya starehe. Nikiwa Wandegeya na simu yangu ninasoma Billboard, gazeti la muziki la Marekani, la mwaka 1963, wiki baada ya wiki, tangazo kwa tangazo, bila kulipa hata shilingi. Vijana wa hapa wanajua wimbo gani ulipanda chati Chicago mwaka ule. Wimbo uliopigwa Mengo mwezi ule ule hawawezi kuujua, na waliowanyima nafasi hiyo ni watu wazima wanaolipwa mshahara kutunza nyaraka.

Wanaojua historia wanakumbuka Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda, Mei 1966. Jeshi lilipovamia kasri, ngoma za kifalme zikaharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Kinachotuwezesha leo kusikia muziki wa kasri ulivyokuwa kabla ya siku ile ni kazi ya watu kama Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika aliyekuja na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950 na 1952, na huyo Wachsmann. Wakati ule kulikuwa na bunduki. Leo hakuna bunduki, kuna mtu anayetaka nafasi ya meza, na karatasi zinaondoka vilevile.

Wanunuzi wa nje wanaokuja kutafuta santuri nao niwaambie jambo. Kununua sahani si kosa, wengine wamezifufua nyimbo ambazo sisi wenyewe tulizitupa. Ila nimeona mnavyonunua gazeti zima kwa ajili ya tangazo moja, mnalikata, mnaliweka kwenye fremu mnauza, na zinazobaki mnaacha kwa mwenye duka. Kisha kwenye santuri mliyoitoa upya mnaandika kwamba habari za bendi hii hazipatikani. Zilikuwa upande wa pili wa fremu yenu.

Ninachodai ni hivi. Ofisi yoyote yenye chumba cha magazeti, kabla ya kuita mtu wa mizani, itoe tangazo, hata kwenye karatasi moja pale mlangoni, na kusubiri miezi miwili. Tutakuja na gari letu na vibarua wetu. Miradi inayochukua makusanyo ya wazee iandikiane nao mkataba: hakuna kukata mgongo, hakuna kuruka ukurasa, na faili kamili anapewa mwenye gazeti kabla ya mtu mwingine yeyote. Na wale vijana wa Jinja wampe mzee faili zake. Wanajijua.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza chini kama kamera ya simu inatosha. Kama gazeti linavunjika ukiligusa, au huna namna ya kulitoa lilipo, piga kwa simu, ni bora kuliko kukosa. Panda juu yake wima, mwanga wa dirisha, ukurasa mmoja picha moja, usitumie programu zile zinazogeuza kila kitu kuwa nyeusi na nyeupe, na tuma kama dokumenti, siyo kama picha.

NYONGEZA 2: Wenye orodha za maduka ya santuri za Kampala, Jinja au Mbale za kati ya 1960 na 1972, hata ukurasa mmoja, hata umechanika, niandikieni kwa faragha. Nauli ni juu yangu, skana ninakuja nayo, na gazeti halitoki nyumbani kwako.