Njia yangu ya baiskeli kila Jumapili: mzunguko wa Richmond Park

Kutoka: Dada wa Kingston

Wanajumuiya, salaam.

Wiki mbili zilizopita nimenunua baiskeli ya mtumba, ile ya barabarani yenye hendeli zilizopinda chini. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee na mwili umeanza kuganda, nataka mazoezi. Humu ndani nimeona mkiitaja Richmond Park, ile mbuga kubwa ya hapa London, lakini kila mtu na lake: mmoja anasema ni tambarare, mwingine anasema kuna mlima wa kukata pumzi. Milima naiogopa, magari nayaogopa zaidi. Aliyeizoea njia hiyo naomba anieleze imekaaje, mwanzo hadi mwisho. Asanteni.

Kutoka: Kaka wa Putney

Dada, karibu sana. Waliokwambia wote wamesema kweli, ila kila mmoja amekueleza kipande chake. Mimi huu ni mwaka wa sita naizunguka kila Jumapili, kwa hiyo nitakupitisha kipande kwa kipande.

Mzunguko mzima ni kama maili 6.7, yaani karibu kilomita 10.8, na ni lami mwanzo mwisho. Kwa anayeanza, tenga dakika 40 bila kujilazimisha.

Kabla ya yote, zunguka kwa kufuata mshale wa saa. Hili nalisimamia kwa sababu ya vipilefti vya mageti. Hapa tunapita kushoto, na kwenye kipilefti unampisha anayetokea kulia kwako. Ukifuata mshale wa saa, mageti yote yanakaa mkono wako wa kushoto, hivyo gari linaloingia kutoka getini ndilo linalokusubiri. Ukienda kinyume, mageti yanahamia kulia, na mara kwa mara wewe ndiye wa kusimama na kuondoka upya. Kwa mtu ambaye bado anayumba akianza kukanyaga, hiyo ni tofauti kubwa.

Wewe utaingilia Kingston Gate, lakini acha nianzie ninapoanzia mimi, Roehampton Gate, kwa sababu ndipo miguu inapopata nafasi ya kupata moto. Kutoka hapo hadi Robin Hood Gate ni tambarare, unafuata bonde la kijito kiitwacho Beverley Brook. Usidanganyike na utambarare huo wakati wa baridi. Hewa baridi hutuama bondeni, na asubuhi utakuta ukungu umelala juu ya nyasi, unafika kifuani mwa mwendesha baiskeli, huku juu ya kichwa anga ni safi kabisa. Barafu nyembamba isiyoonekana nayo hujificha hapo hapo. Kukiwa na baridi ya kugandisha, mimi sitoki nyumbani kabla jua halijapanda.

Baada ya Robin Hood Gate unaingia Broomfield Hill, ule mlima wenye sifa. Habari njema kwako ni kwamba magari hayaruhusiwi kupita moja kwa moja pale, kwa hiyo ukipanda kwa mwendo wa konokono hakuna wa kukupigia honi mgongoni. Sehemu inayouma haifiki kilomita moja. Kosa la wengi ni kuushambulia chini kwa nguvu zote, halafu katikati miguu inagoma. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, ukiwa bado unakanyaga kwa ulaini. Ukisubiri hadi cheni iwe imekazwa na uzito wako, itagugumia au itaruka. Kaa kwenye siti, legeza mabega, tazama mita chache mbele ya tairi, usitazame kileleni. Ukishindwa, shuka usukume. Hakuna atakayekucheka, na wakikucheka, wiki nne baadaye utawapita.

Juu kuna kipande kilicho wazi ambacho kwenye ramani kinaonekana rahisi, lakini upepo wa kusini mwa Uingereza mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na hapo ndiko unakoelekea. Kuna siku naona kazi hapo kuliko mlimani. Inama, shika hendeli chini, kubali kwenda polepole.

Sasa dada, nisikilize vizuri, maana hofu yako umeielekeza pasipo. Mlima wa kupanda haujawahi kumvunja mtu mkono. Panapotaka akili ni mteremko wa Dark Hill unaokushusha hadi Kingston Gate. Ni mkali, una kona, una miti pande zote mbili, na chini kabisa unakutana na kipilefti na magari yanayoingia. Oktoba moja asubuhi nilikuwa nashuka hapo, mvua imekatika usiku, lami imefunikwa majani yaliyolowa na mbegu za mialoni. Nikaona naenda kasi mno, nikabana breki ya mbele nikiwa tayari nimeinama kwenye kona. Tairi la mbele liliondoka kama lililopakwa sabuni. Niliburuzika kwa kiwiko na paja, na koti langu jipya likachanika toka begani hadi kwenye kifundo cha mkono. Gari lililokuwa nyuma lilikuwa na dereva mwenye utu aliyeacha nafasi. Bila nafasi ile nisingekuwa nakuandikia leo.

Kwa hiyo: punguza mwendo KABLA ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima, kwa breki zote mbili. Ndani ya kona achia breki, acha baiskeli ijipitie. Baiskeli zinazouzwa hapa, breki ya mkono wa kulia ndiyo ya mbele. Kwa kuwa yako ni ya mtumba, ijaribu kwanza mahali tambarare ujue ipi ni ipi.

Kutoka Kingston Gate unaelekea kaskazini. Barabara inapanda kidogo kidogo hadi usawa wa njiapanda ya Ham Cross, halafu inapandashuka kwa upole hadi jumba la Pembroke Lodge. Ule upepo uliokusumbua sasa unakusukuma mgongoni. Hapa kuna watu wengi wa miguu, watoto na mbwa, piga kengele mapema. Karibu na hapo kuna King Henry's Mound, kilima kidogo ambacho siku ya anga safi unaona kuba la Kanisa Kuu la St Paul's, umbali wa kama maili 10, kupitia uwazi uliolindwa kati ya miti. Simama siku moja uone.

Richmond Gate ndiyo yenye msongamano kuliko zote, kuwa macho na ujioneshe waziwazi. Ukishapita, unapewa zawadi ya asubuhi nzima: Sawyer's Hill, mteremko mrefu mpana, jiji likiwa mbele yako. Lakini ndipo kulungu wanapopenda kuvuka. Mbugani wapo mamia, karibu 630. Akivuka mmoja usidhani yameisha. Shika breki, subiri, maana mara nyingi nyuma yake kuna wengine watano wanaomfuata bila kuangalia kushoto wala kulia. Septemba na Oktoba madume wanapigania majike na hawana masihara. Ukisimama, kaa mita 50 au zaidi kutoka kwao. Chini unapita njiapanda ya Sheen Cross, na baada ya muda mfupi umerudi Roehampton Gate.

Tairi zangu ni za milimita 28. Nina kilo 82 na ninajaza upepo hadi psi 70, kile kipimo kinachoandikwa kwenye pampu. Mvua ikinyesha napunguza kidogo. Wewe mwepesi zaidi hutahitaji hata hizo. Beba tyubu ya akiba na pampu.

Kutoka: Mzee wa Sheen

Kijana wangu wa Putney kaeleza vizuri, ila naomba kutofautiana naye. Mimi nazunguka kinyume cha saa. Sawyer's Hill ni mlima mrefu wa upole, magoti yangu yanaupenda kuliko ule wa Broomfield wa ghafla. Umri wa miaka 63 una mahitaji yake.

Nyongeza kwa binti yetu, kwa kuwa anatoka kazini saa za ajabu: mageti ya magari hufungwa giza likiingia, lakini ya waenda kwa miguu huwa wazi usiku, nasi wa baiskeli tunapitia hayo. Isipokuwa Novemba na Februari, wanapopunguza idadi ya kulungu kwa risasi. Kipindi hicho mageti yote hufungwa saa mbili usiku hadi saa moja na nusu asubuhi. Soma mabango getini na usiruke ukuta. Na taa ni sheria: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, pamoja na kiakisi chekundu nyuma. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo taa zikae kwenye baiskeli muda wote.

Kutoka: Kaka wa Putney

Mzee, shikamoo. Kwa magoti nimekubali. Kwa dada bado nasema afuate mshale wa saa mpaka vipilefti viache kumtisha.

Kutoka: Dada wa Kingston

Marahaba zote mzigawane! Nimezunguka leo baada ya zamu, dakika 47. Broomfield nilisukuma nusu, nusu nilikanyaga. Dark Hill nilishuka breki mkononi kama nilivyoelekezwa, na kwenye kona niliachia. Kulungu saba walivuka mbele yangu Sawyer's Hill. Nilisimama nikawahesabu mmoja mmoja.

Swali moja. Nikiweka gia nyepesi kabisa, gurudumu la nyuma linatoa mlio wa tik-tik-tik. Niendelee tu?

Kutoka: Kaka wa Putney

Hapana, usiiguse tena gia hiyo. Kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kinagusa spoku. Pengine baiskeli iliwahi kuangukia upande wa kulia kabla hujainunua, na kipande kinachokishikilia kimepinda. Kikiingia ndani ya spoku ukiwa unapanda, gurudumu linakwama papo hapo na spoku zinakatika. Tumia gia ya pili kutoka mwisho hadi Jumapili. Nitakuwa Kingston Gate saa mbili asubuhi na vifaa vyangu, tukinyooshe pamoja.