Mjadala: Maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya jiji yahesabiwe kama kura?

Mlipakodi
Ndugu zangu, kila mwaka halmashauri ya jiji hutoa rasimu ya mpango na bajeti, huwapa wananchi wiki chache za kutoa maoni, kisha hupitisha karibu yale yale iliyoyaandika mwanzoni. Safari hii, katika jiji ninakoishi, taarifa ya halmashauri yenyewe imekiri kwamba wengi wa walioleta maoni walipinga nyongeza ya ada ya taka, na hata hivyo madiwani wameipitisha bila kupunguza chochote. Ikiwa wengi wamekataa, halmashauri inapata wapi haki ya kuendelea? Ama maoni yahesabiwe kama kura, ama tuache kuitana vikaoni.

Mizani
Maoni si kura, na hayawezi kuwa kura. Kura ina daftari la wapiga kura, na kila mtu huipiga mara moja, ilhali maoni huletwa na yeyote aliyejisikia kuyaleta: mtu mmoja anaweza kuandika barua tatu, na kikundi kimoja kinaweza kugawa barua iliyokwisha kuandikwa, ikarudishwa na watu mia ambao hawakugeuza hata nukta. Sheria ya Serikali za Mitaa ya New Zealand ya mwaka 2002, ambayo ina kifungu kizima kuhusu jambo hili, inaitaka halmashauri iyapokee maoni kwa moyo ulio wazi na kuyazingatia ipasavyo. Haisemi kwamba iyatii. Isitoshe, sote tunawajua wanaojaza vikao hivi. Ni wastaafu wasio na shughuli, wanaopinga kila senti inayoongezwa na kila mti unaokatwa, na bajeti ya jiji zima haiwezi kupangwa kwa kuwaridhisha wao.

Chaki
Nilikuwa nakubaliana na ndugu Mizani hadi nilipofika kwenye wastaafu, nikasimama hapo hapo. Nimefundisha kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo sikupata hata siku moja ya kuisoma rasimu ya bajeti, kwa kuwa nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, pengine na ya kwako. Nilipostaafu ndipo nilipoisoma ukurasa kwa ukurasa, na ni mimi huyu, nisiye na shughuli, niliyegundua kwamba matengenezo ya mtaro mmoja yametengewa fedha mara mbili katika kasma mbili tofauti, yaani mafungu mawili ya matumizi. Madiwani hawakuliona hilo, wala wakaguzi wa ndani. Wenye shughuli walikuwa wapi?

BintiZamu
Shikamoo Mwalimu. Tulikuwa kazini. Kikao kiliitishwa Jumanne saa nne asubuhi, na tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ambayo mtu huenda tu anapodaiwa. Sisemi haya kwa kukudharau, kwa sababu kama si wewe mtaro ule ungelipwa mara mbili, lakini ni kweli kwamba anayefanya kazi za zamu na mama mwenye mtoto mchanga hawasikiki, na kisha taarifa huandikwa kwamba "wananchi wamesema". Wananchi wapi?

Mizani
Ndicho nilichokisema, isipokuwa Binti amekisema kwa adabu zaidi. Mwalimu, sikukutukana, nilieleza kundi, sikukutaja wewe. Kwamba umegundua kosa katika rasimu ni jambo la kupongezwa, ila kugundua kosa la hesabu na kupinga ada ya taka ni mambo mawili, na la kwanza halikupi mamlaka juu ya la pili.

Chaki
Marahaba, Binti. Kwa Mizani: nani amekwambia kwamba niliipinga ada ya taka? Niliandika kuiunga mkono, nikapendekeza nyumba ndogo zitozwe kidogo. Umenihesabu miongoni mwa wapingaji kwa sababu ya mvi zangu, kisha unatuonya sisi tusihesabu watu.

Fundi Bomba
Nacheka peke yangu. Lakini turudi kwenye hoja, kwa maana ipo miji iliyoonyesha kwamba mwananchi anaweza kupewa uamuzi wenyewe. Porto Alegre huko Brazili ilianza mwaka 1989, na hadi leo wakazi wanakutana mtaa kwa mtaa, wanapanga vipaumbele na kuchagua wajumbe wa kuvisimamia. Benki ya Dunia yenyewe iliandika kwamba kaya zilizounganishwa na maji na majitaka zilitoka asilimia 75 mwaka 1988 zikafika asilimia 98 mwaka 1997. Mimi kazi yangu ni mabomba; najua ugumu wa kufikisha bomba mahali ambapo hakuna mkubwa anayeishi. Paris nayo tangu 2014 huwaachia wakazi sehemu ya bajeti ya uwekezaji waipigie kura, wakiwamo wageni na watoto. Kwa hiyo kusema "haiwezekani" ni uvivu.

Karani
Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika ofisi inayoandaa rasimu hizi, na naomba nisahihishe kabla ya kuongeza. Porto Alegre haikuendelea bila kukatika: utaratibu ule ulisimamishwa mwaka 2017, baada ya kudhoofika kwa muda mrefu. Hata ulipokuwa na nguvu, fedha hazikufuata wingi wa mikono peke yake, kwani idadi ya wakazi wa eneo na kiwango cha upungufu wa huduma vilipewa alama, ili mtaa wenye kelele usiushinde mtaa wenye shida. Na Paris kinachopigiwa kura ni takriban asilimia 5 ya fedha za uwekezaji. Mishahara ya wafanyakazi wa jiji haimo humo.

Hapo ndipo penye kiini. Rasimu inapomfikia mwananchi, sehemu kubwa imekwisha kufungwa na mishahara, madeni, mikataba ya miaka mingi na miradi iliyoanza. Kenya sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinazuia mishahara kupita asilimia 35 ya mapato, kwa sababu kila mtu anajua mishahara hula nini ikiachwa. Huko huko, mwaka wa fedha huanza Julai 1, makadirio hufika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, lakini waraka wa mwelekeo wa fedha, unaoweka ukomo wa fedha za kila idara, hutakiwa kufika kufikia Februari 28. Anayesubiri kikao cha Mei anagombea makombo, awe mstaafu au mwenye zamu.

Kuhusu swali la Mlipakodi, mahakama za Uingereza zimekuwa na vigezo tangu kesi ya 1985 iliyoihusu halmashauri ya Brent: watu waulizwe wakati uamuzi bado mbichi, wapewe sababu za kutosha, wapewe muda, na majibu yao yazingatiwe kwa dhati. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliikuta halmashauri ya Haringey na kosa, si kwa sababu ilienda kinyume na wengi, bali kwa sababu ilipowauliza wakazi kuhusu kupunguza nafuu ya kodi ya halmashauri kwa wenye kipato kidogo haikuwaeleza kwamba zilikuwapo njia nyingine, kama vile kuongeza kodi hiyo kwa wote au kutumia akiba. Ndugu Mlipakodi, karatasi uliyopewa kuhusu ada ya taka ilikuonyesha njia ya pili?

Mlipakodi
Haikuonyesha. Ilikuwa na visanduku viwili, naunga mkono na siungi mkono. Lakini Karani, umekiri kwamba mnatuita wakati chakula kimekwisha kuliwa, na umekiri kwa utulivu kana kwamba ni hali ya hewa. Mlikuwa mnalipwa kwa vikao hivyo?

Karani
Tulilipwa mshahara, kama mtu mwingine yeyote. Nimeeleza ratiba ili uiwahi, nawe umenijibu kuhusu posho.

BintiZamu
Mimi ratiba nimeinakili. Ninachouliza ni kama vikao hivyo vya mapema navyo vinaitishwa saa nne asubuhi.

Karani
Vingi, ndiyo. Maoni ya maandishi hupokelewa saa yoyote, nayo huingia kwenye jedwali lile lile pamoja na yaliyosemwa.

Chaki
Binti, andika yako, mimi nitayafikisha na nitadai yagongwe muhuri wa kupokelewa. Nina nafasi, kama ilivyokwisha kutangazwa.

Mizani
Mwalimu, yaishe. Naomba tu unitajie kasma mbili ulizoukuta ule mtaro, kwa maana rasimu ninayo mbele yangu tangu saa moja iliyopita na sijauona.

Chaki
Mara ya kwanza umo kwenye ujenzi, chini ya barabara. Mara ya pili umo kwenye afya na mazingira, na huko umeitwa "mkondo wa maji ya mvua". Soma polepole, ndugu yangu. Hata mimi ulinichukua siku mbili.

Mizani
Nimeuona. Na ukurasa unaofuata kuna kisima.