Naomba ushauri: Palm m105 au Z22 kwa ratiba za kila siku?

Wakuu, natafuta kifaa cha mkononi cha miadi na kengele tu, mtumba wa bei nafuu. Vimebaki viwili. Palm m105 ina MB 8 na hutumia betri mbili za AAA zinazopatikana popote, ila zikiisha kabisa ratiba yote inafutika. Z22 ya 2005 ina skrini ya rangi, MB 32, na data hubaki hata chaji ikikata. Shida ni betri ya ndani, ikichoka lazima ufungue kasha. Naegemea Z22. Lakini haina Bluetooth, na Palm haikutoa draiva (programu ya kuwezesha kompyuta kutambua kifaa) ya USB kwa Windows ya biti 64. Mnasawazishaje ratiba na kompyuta? Na kabla ya kulipa, nikague nini zaidi ya mguso kwenye kona zote za skrini?