Mistari inatetemeka, elipsi zina kona, boksi ndo kabisa. Nianzie wapi wakuu?

Msanii_Mbichi:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaojua kuchora. Kazi yangu ni ya dukani tu ila kuchora napenda toka utotoni, sasa nimeamua nijifunze toka chini kabisa yani mistari, elipsi (yale maduara yaliyobonyea) na maboksi maana kila video nayoangalia wanasema anza na hivyo. Tatizo mstari wangu utadhani nimeuchora ndani ya daladala, elipsi inatoka na kona huku na huku, na boksi nikilichora upande wa nyuma unakuwa mkubwa kuliko wa mbele. Natumia penseli HB na rula. Nirudie rudie tu mpaka mkono uzoee au? Na je ninunue tableti ya kuchorea? Msinitukane jamani 😅

kalamu_nyeusi:
Mkuu hiyo rula ficha kwanza. Mstari unatetemeka kwa sababu unauchora polepole huku macho yanaifuata ncha, kila ukiona umetoka kidogo unarekebisha, na yale marekebisho ndo mtetemo wenyewe. Weka nukta mbili, zungusha karatasi mpaka ikae upande ambao mkono wako unaupenda, pitisha kalamu hewani toka nukta hadi nukta mara kadhaa bila kugusa karatasi, halafu shusha upige mara moja bila kusita. Ukiikosa nukta ya pili achana nayo, piga mwingine. Bora mstari ulionyooka ukapita pembeni ya nukta kuliko uliofika umejikunja kunja. Na mkono wote usogee kutokea begani, kifundo cha mkono kiachie kuandika na vitu vidogo.

Mzee wa Wino:
Hapo umemaliza. Mi naongezea tu aache penseli, achukue wino. Ukijua hakuna kufuta unafikiri kabla ya kuchora. Zile kalamu za wino za ncha ya milimita 0.5 zinafaa sana.

mamaK:
Mzee wa Wino unamtia mtu gharama bure, hizo kalamu bei yake unaijua na ukikandamiza ncha inakufa mapema. Peni ya kawaida ya dukani inatosha kabisa. Hata penseli sio dhambi, raba ndo asiwe nayo karibu.

Msanii_Mbichi:
Nimejaribu ya begani sasa hivi, mbona mistari imekuwa mibaya kuliko mwanzo 😂😂

kalamu_nyeusi:
Ndo inavyokuwa, bega halijawahi kufanya hiyo kazi. Usirudi kwenye kifundo.

mamaK:
Kuhusu elipsi, chukua kikombe, kiinue mpaka mdomo wake ulingane sawa na macho yako, utaona mstari tu. Anza kukishusha taratibu uone mdomo unavyofunguka. Ndo maana kikombe kikiwa mezani mbele yako, elipsi ya kitako unatakiwa uichore imefunguka zaidi kuliko ya mdomo, wengi wanachora kitako bapa hapo ndo kikombe kinaharibika. Kona zinakuja kwa vile unapunguza mwendo ukifika kwenye kugeuka, so zungusha mkono hewani kwanza alafu ukigusa karatasi pitia mara mbili bila kuinua kalamu. Ukimaliza ikate katikati kwa mstari unaopita upande wake mwembamba, nusu mbili zifanane. Huo mstari wa kukata ukichora gurudumu ndo unaelekea sawa na ekseli yake (chuma kinachopita katikati ya gurudumu), kumbuka hilo utakuja kunishukuru.

seremala_wa_mtaa:
Boksi niachieni mimi. Lina mistari 12, ni makundi matatu ya minne minne, na kila kundi linaelekea kwenye nukta yake moja huko mbali. Wewe mistari yako inaachana kadiri inavyokwenda nyuma ndo maana nyuma kumekuwa kukubwa. Anza na kona iliyo karibu na wewe, toa mistari mitatu kwa umbo la herufi Y, pembe zote tatu zizidi nyuzi 90, alafu kila unapoongeza mstari usimuangalie jirani yake mmoja tu, angalia kundi zima linaelekea wapi. Chora na ya nyuma isiyoonekana. Ukimaliza ndo rula ruksa, chukua peni nyekundu urefushe mistari yote kwenda nyuma, utaona mwenyewe upi umemsaliti mwenzake. Bila huo ukaguzi utachora maboksi mwaka mzima unarudia kosa lile lile.

Msanii_Mbichi:
Asanteni sana, ya peni nyekundu sijawahi kuisikia popote. Na tableti?

Mzee wa Wino:
Tableti ya nini saa hizi, rimu moja ya A4 ni karatasi 500, tumia pande zote mbili.

mamaK:
Na nusu ya muda wako chora unachopenda hata kama kinatoka kibaya, mazoezi matupu utachoka utaacha. Ukileta picha ya maboksi humu pigia karibu na dirisha mchana, ukipiga chini ya taa kivuli cha simu kinafunika kila kitu hatutaona hata hiyo mistari myekundu.