Nati za urembo wa 504 zimekwama kwa kutu, naomba ushauri wa haraka

Mwana_wa_Butere:
Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nina Peugeot 504 saluni ya zamani. Ile mistari ya kromu inayopita ubavuni kwenye milango yote minne imeshikwa kwa ndani na boliti ndogo za nati namba nane. Kutu imezila. Nikitia spana, boliti inazunguka pamoja na nati, haitoki. Nataka kuitoa bila kuikunja, kisha niirudishe. Gari liwe tayari Jumamosi. Nifanyeje?

FundiWaKibuye:
Usilazimishe. Vua ubao wa ndani wa mlango, paka mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi rudia. Kisha kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Ncha ya boliti ikiwa imejitokeza, ibane kwa koleo la kujifunga isizunguke. Ikikataa kabisa, kata nati kwa ubapa wa msumeno wa chuma. Usitumie moto, rangi ya nje itababuka. Mafuta ya breki pia weka mbali, yanakula rangi.

Abiria_wa_Zamani:
504! Mjomba wangu aliendesha ya abiria, ile ndefu, Kisumu hadi Nairobi kupitia Nakuru. Mtu alikaa mbele akiwa amevaa suti, akafika suti haijakunjika. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Ya nati siyajui, ila tafadhali usiliuze.

MamaSpea:
Kwa nini Jumamosi? Na umeshajaribu nini? Wateja wangu wanaosema "haraka" huwa wameshavunja kitu.

Mwana_wa_Butere:
Kuna shughuli nyumbani. Nimejaribu mafuta ya kawaida tu. Mlango wa mbele kushoto niliuchokonoa kwa bisibisi, mstari ukapinda kidogo.

FundiWaKibuye:
Mafuta ya kawaida yapi? Nati zina rangi gani sasa?

Mwana_wa_Butere:
Zina unga mweupe, mwingine kama kijani hafifu.

FundiWaKibuye:
Omera, mafuta hayaachi unga wa kijani. Sema ulichomwaga.

Mwana_wa_Butere:
Sawa. Jumanne nilitia asidi ya betri kwa sindano. Kijana mmoja wa gereji aliniambia inakula kutu, na kweli inakula, nati tatu zimetoka. Nilipanga kumalizia milango iliyobaki vivyo hivyo, nizibe matundu kwa fila, nipake rangi. Gari ni la baba. Yuko Butere, anajua nimelichukua kwenda kubadilisha oili. Jumamosi wageni wa mahari ya dada yangu wanafika, nilitaka alione liking'aa. Asidi ikitumiwa kidogo sioni ubaya wake.

MamaSpea:
Mwanangu, gari la mzee haliguswi bodi bila mzee kujua. Mpigie leo. Mume wangu alilipaka rangi lori la baba yake kwa nia njema kama yako, wakakaa mwaka mzima bila kusemezana.

FundiWaKibuye:
Hayo ya mzee baadaye, kwanza mlango. Asidi ikimaliza kutu inaanza bati. Imeshateremka, imekaa kwenye mshono wa chini. Zibua vitundu vya kutolea maji chini ya mlango. Yeyusha magadi kwenye maji, haya haya ya kulainishia mboga, mimina ndani. Yatatoa povu. Rudia mpaka povu likome, suuza kwa maji mengi, acha mlango wazi juani. Linda macho.

Mzee_wa_Lanet:
Mimi nasoma tu nikitikisa kichwa. Nimemiliki 504 mbili hapa Nakuru, hakuna iliyokuwa na mistari ya kromu ya nati namba nane. Gari hilo halipo. Hadithi imetungwa, na nyinyi mnamwagia mtu magadi ya bure.

Abiria_wa_Zamani:
Hata mimi nimeanza kushuku. Oili, mahari, asidi, yote wiki moja?

Mwana_wa_Butere:
Sijatunga. Mistari haikuja na gari. Baba aliifungisha hapa Kisumu mwaka 1986, fundi akatoboa milango kwa drili. Nilikuwa darasa la pili, mimi ndiye niliyeshika kopo la nati. Ndiyo maana sitaki kuitupa.

FundiWaKibuye:
Ungeanza na hilo! Tundu lililotobolewa baadaye, ukingo wake ni chuma kitupu. Fundi asipopaka kitu, maji yanaingia nyuma ya mstari na kukaa. Kutu yako ilianza siku ile. Sasa fila usiiguse, inanyonya unyevu na rangi itafura. Sugua mpaka chuma king'ae, paka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, pande zote mbili na ndani ya tundu, halafu rangi, kisha weka pete ya mpira na girisi kwenye kila boliti. Tundu lililopanuka lichomelewe kipande cha bati. Milango minne kufikia Jumamosi haiwezekani.

Mzee_wa_Lanet:
Kama yalitobolewa, naondoa neno langu. Samahani kijana.

Mwana_wa_Butere:
Magadi mara ya kwanza yalitoa povu la rangi ya chai, mara ya nne kimya. Milango mingine siitii asidi. Ila nilikuwa nafikiria kubandika mistari kwa gundi, kwa Jumamosi tu.

MamaSpea:
Umempigia?

Mwana_wa_Butere:
Nimempigia. Alinyamaza, kisha akauliza uliopinda ni wa mlango upi. Nikamwambia wa mbele kushoto. Akasema, "Huo ni mlango wa mama yako."

FundiWaKibuye:
Achana na gundi. Niletee huo mstari kesho asubuhi, tuunyooshe kwa nyundo ya mbao.